Christella Gahongayire na Maana ya Nafasi Tupu

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio gereji, na ninyi mliokwama kwenye foleni pale Sonatube, punguzeni kidogo kelele za pembeni. Ni mimi Shakira wenu. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakujua kukaa.

Sifanyi mzaha. Christella Gahongayire hakujua kukaa. Mama yake mzazi, Mama Speciose, aliniambia hivi nyumbani kwao Gahanga, watu wakiwa bado wanaingia kutoa pole: "Huyu mutoto, kule Bujumbura, padri akianza Injili, yeye iko mulangoni tayari. Unamuvuta, anarudi. Unafumba macho kwa sala, iko mulangoni tena."

Christella ametutoka. Christella Gahongayire, mkazi wa Gahanga hapa Kigali, mtaalamu wa programu za kompyuta, mke wa Jean-Berchmans. Amefariki mwezi uliopita akiwa na miaka arobaini na mmoja. Moyo ndio uliomshinda.

Moyo huo ulianza kumsumbua mapema. Alizaliwa Bwiza, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi. Alipokuwa bado shule ya msingi alipata homa ya viungo. Homa ikaondoka, lakini ikaacha alama ndani ya moyo. Daktari akamwambia Mama Speciose, mtoto huyu pengine hutamlea mpaka ukubwani; apumzike. Apumzike! Mama Speciose alicheka aliponisimulia hilo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Familia ilirudi Rwanda. Christella akasoma, akahitimu, akaajiriwa Gikondo, kwenye ofisi ndogo iliyobanwa kati ya ghala la saruji na kanisa la wokovu. Ofisi hiyo inatengeneza programu za vituo vya afya. Mkubwa wake aliitwa Mugenzi, mwanamume aliyekulia Uganda, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwaeleze kazi yake, maana bila hiyo hamtamwelewa.

Programu ya kituo cha afya huzungumza na programu ya maabara. Huiuliza: matokeo ya mgonjwa fulani ni yapi? Maabara hujibu. Mlango wa kuulizia na kujibia, wataalamu wanauita API. Na kila mlango unahitaji maelezo. Ukipita Gikondo utaona vibao kwenye karakana: hapa tunachomea vyuma, leta hiki, utapata kile. Maelezo ya API ni kitu cha namna hiyo. Yanasema nini unaweza kuuliza, uulize vipi, na jibu litakuja katika sura gani.

Lakini kila mtu akiandika maelezo kwa mtindo wake, hakuna atakayemwelewa mwenzake. Kwa hiyo kuna kiwango, utaratibu mmoja wa kuandika maelezo hayo. Kile alichokitumia Christella kinaitwa Parla. Kumbukeni jina hilo. Parla haina mwenyewe. Si ya serikali, si ya kampuni. Inatunzwa na watu wa nchi nyingi, mmoja yuko Accra, mwingine yuko Lima, mwingine yuko hapa kwetu. Yeyote anaweza kuleta pendekezo. Yeyote anaweza kupinga. Wanajadiliana hadharani, kila Alhamisi jioni, kwa njia ya mtandao.

Kilichompeleka Christella huko ni mtoto mmoja.

Siku hiyo mtoto aliletwa kituoni akiwa na homa kali. Alipimwa malaria. Mashine ya maabara ilikuwa imeharibika, kwa hiyo programu ya maabara ikatuma jibu lenye nafasi tupu. Kwao, tupu ilimaanisha "hatujui". Programu ya kituo ikapokea ile nafasi tupu. Kwao, tupu ilimaanisha "hakuna". Kwenye skrini ya muuguzi yakatokea maneno: hana malaria. Mtoto akarudishwa nyumbani. Akarudishwa tena kituoni akiwa anatetemeka mwili mzima, hajitambui.

Alipona. Lakini sikio moja halisikii tena.

Aliyeziunganisha programu hizo mbili alikuwa Christella. Alisoma maelezo ya maabara, akasoma ya kituo. Yote yalikuwa sahihi kabisa kwa kanuni za Parla. Lakini hayakusema nafasi tupu ina maana gani, kwa sababu Parla haikumlazimisha mtu kusema.

"Aliniambia, angekuta kosa, angelirekebisha akalala," anasema mume wake, Jean-Berchmans. "Hakukuta kosa. Hilo ndilo lililomtesa."

Basi akajiunga na Parla. Mikutano ya Alhamisi aliisikiliza akizunguka uani, simu mfukoni, spika masikioni, mikono ikirushwa huku na huku. Jirani mmoja akashindwa kuvumilia, akamuuliza Jean-Berchmans: "Mzee, mke wako anagombana na nani kila Alhamisi?"

Jean-Berchmans akajibu: "Na dunia nzima. Usijali, wewe hauko kwenye orodha."

Vita vyake vya kwanza havikuhusu nafasi tupu. Vilihusu kampuni moja kubwa ya ng'ambo. Kampuni hiyo ilikuwa imewaajiri wengi wa watu wanaoitunza Parla. Siku moja ikaleta badiliko lililokwisha kupikwa na kupakuliwa. Mtu wa Lima akapinga, akatoa sababu. Hakuna aliyemjibu. Kura ilikuwa inaitishwa. Christella akaingilia kati, sauti ikiwa juu: "Huyu ametoa sababu. Nani amemjibu? Mnazika mtu akiwa hai?"

Mjadala ule ulichukua miezi. Mwishowe Parla ikakubali kanuni aliyoiandika yeye. Nairudia, maana kila kitu kinachofuata kinatoka hapo. Pingamizi lolote lenye sababu lazima lijibiwe kwa sababu, hadharani, kabla mjadala haujafungwa. Hata kama ni pingamizi la mtu mmoja.

Watu wakampenda kwa kanuni hiyo. Wakamchagua kwenye kamati ya uongozi. Baadaye wakampa uenyekiti wa mwaka.

Ndipo akaleta pendekezo lake mwenyewe. Lilikuwa fupi: kila maelezo ya API lazima yaseme nafasi tupu ina maana gani. Hakuna, au hatujui, au hatukuulizwa. Asiyesema, maelezo yake ni batili. Watu wengi wakaunga mkono. Wengi sana. Mmoja akapinga.

Jina lake ni Ndayisaba. Ni Mrundi, anafanya kazi Kigoma, Tanzania, anahudumia programu za zahanati za kando ya ziwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akaandika kwamba hapingi shabaha, anapinga neno "lazima".

Mwaka huo wanachama wa Parla walikuja Kigali kukutana ana kwa ana. Walikutana kwenye hoteli moja Kiyovu, yenye bustani kubwa nyuma. Ukumbi ulijaa. Christella alikuwa kwenye kiti cha mwenyekiti, ingawa kusema kweli alikuwa kando ya kiti, amesimama. Ndayisaba alikuwa safu ya nyuma.

Hapa kuna jambo ambalo wengi ukumbini hawakulijua. Wiki hiyohiyo daktari alikuwa amemwambia Christella kwamba vali ya moyo imechakaa, anahitaji upasuaji, na kwamba hata upasuaji haumpi uhakika. Jean-Berchmans alijua. Mugenzi alijua. Basi.

Kwa kanuni za Parla, mwenyekiti ndiye anayeamua kama pingamizi limejibiwa, na ana uwezo wa kutangaza kwamba makubaliano yamefikiwa. Anatangaza tu, jambo limekwisha. Wakati wa mapumziko Mugenzi alimfuata Christella kwenye korido.

"Wewe ndiye chair. Gonga meza, imeisha."

"Kuna pingamizi."

"La mtu mmoja! Ukumbi mzima iko na wewe. Christella, unangoja nini? Unajua vizuri kwamba wewe huna muda wa kungoja."

Christella alitoka akaenda bustanini, akaanza kuzunguka njia ya mawe. Alizunguka haraka, mkono mmoja kifuani. Alikuwa na hasira na Mugenzi, na zaidi alikuwa na hasira kwa sababu maneno ya Mugenzi yalikuwa matamu. Angeweza kurudi ndani akasema sentensi moja. Wangempigia makofi. Angelala usiku huo.

Ndayisaba akamkuta huko. Ilibidi atembee naye, kwa kuwa Christella hakusimama.

"Dada Christella, naona umenikasirikia."

"Sana."

"Mimi sikatai kwamba nafasi tupu inaua. Lakini sikiliza. Kule kwetu tuko wawili tu tunaohudumia zahanati zote. Siku mkitangaza 'lazima', maelezo yetu yote yanakuwa batili, siku hiyohiyo. Hospitali kubwa zitatufungia mlango. Zahanati haitapata tupu, haitapata jibu kabisa. Mtoto wa Kigoma naye atarudishwa nyumbani."

"Na mtoto wa Kigali?"

"Naye pia. Ndiyo sababu nimekuja kwa basi mpaka hapa. Ningekuwa simjali, ningepinga kwa barua pepe."

Christella akamuuliza: "Haya. Jibu ni nini?"

"Sina."

"Huna?"

"Sina, dada. Wewe unalo?"

Hakuwa nalo. Alimtazama huyu mtu mwembamba mwenye koti lililokunjamana kwa safari, akatamani awe mjinga, au awe ametumwa na kampuni fulani. Ingekuwa rahisi kumshinda. Hakumwambia lolote kuhusu moyo wake. Wakarudi ndani.

Ukumbi ulipotulia, Christella alishika kipaza sauti. Jean-Berchmans, aliyekuwa amekuja kumchukua, alisimama mlangoni na aliyasikia yote. Alisema: "Pingamizi la Ndayisaba lina sababu, na hatujalijibu. Pendekezo linabaki wazi. Tuendelee na ajenda inayofuata."

Mugenzi akainuka, akatoka nje.

Msidhani kwamba alirudi nyumbani na roho nyeupe. Jean-Berchmans alimkuta jikoni akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Umefanya vizuri," akamwambia.

"Usiniambie hivyo." Akaendelea kusugua. "Kama mtoto mwingine atarudishwa nyumbani kesho, mimi nitakuwa nimemuua kwa utaratibu mzuri sana."

Jean-Berchmans akachukua kitambaa, akaanza kuvikausha.

Miezi iliyofuata, Christella na Ndayisaba walitafuta jibu. Waliandikiana, walipigiana simu, waligombana. Yeye akileta njia, Ndayisaba anaonyesha inapovunjika. Ndayisaba akileta njia, Christella anaivunja kabla hajamaliza sentensi. Upasuaji ulikuwa kwenye foleni ya kungoja. Daktari akarudia neno lilelile la utotoni: pumzika.

Siku moja akamwambia mumewe: "Naenda Kigoma."

"Kwa moyo huo? Oya. Hapana, Christella."

"Kwa huu huu. Sina mwingine."

Akapanda basi, akavuka mpaka pale Rusumo, akafika Kigoma miguu ikiwa imevimba. Ndayisaba akampeleka zahanati moja kando ya ziwa. Kulikuwa na muuguzi mmoja, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kama televisheni ya sebuleni. Christella akamwomba muuguzi amwonyeshe matokeo yanavyoingia. Yakaingia, polepole. Moja lilikuwa na nafasi tupu.

"Hapa unafanyaje?" Christella akauliza.

"Napiga simu hospitali," muuguzi akasema. "Wasipopokea, namtibu kama anaumwa."

"Na mtandao ukikatwa kabisa?"

Muuguzi akatazama nje, kwenye benchi waliposubiri wagonjwa. "Hapo nabahatisha, dada."

Alirudi Kigali, akaingia nyumbani, hakuvua hata viatu. Akamwambia Jean-Berchmans: "Ndayisaba ana haki. Na mimi nina haki. Balaa iko hapo."

Baada ya safari hiyo hakupata nguvu tena. Alilazwa. Wauguzi walilalamika kwamba mgonjwa huyu anatembea koridoni na mti wa dripu kama mtu aliyechelewa kazini. Alhamisi bado aliingia mkutanoni, akisema kidogo, akihema sana. Upasuaji ulikuwa umepangwa. Haukumkuta. Alifariki mchana, mama yake akiwa ameshika miguu yake.

Wasikilizaji wapendwa, ningeweza kuishia hapo. Lakini yaliyofuata mnapaswa kuyasikia.

Habari zilipofika kwa wanachama wa Parla, watu walilia kwa lugha zao zote. Na kwa huzuni ile kamati ikaamua jambo: Alhamisi inayofuata, pendekezo la Christella lipitishwe, kwa heshima yake. Libebe jina lake. Ndayisaba akaandika mstari mmoja: "Naondoa pingamizi langu." Wakamwalika Jean-Berchmans aingie mkutanoni, asikie kwa masikio yake.

Jean-Berchmans si mtu wa kompyuta. Anafundisha hesabu sekondari. Alikaa sebuleni Gahanga, Mama Speciose kando yake. Mwenyekiti mpya akasema maneno mazuri sana, mkalimani akayafasiri. Kabla ya kura, wakamuuliza Jean-Berchmans kama ana neno.

Akasema: "Nina swali kwa Ndayisaba. Ndugu yangu, umepata lile jibu?"

Ndayisaba akajibu: "Bado, kaka."

"Sasa pingamizi unaliondoa kwa nini?"

"Kwa sababu amekufa."

"Na zahanati zako nazo zimekufa?"

Jean-Berchmans aliniambia kwamba hapo Mama Speciose alimshika kiwiko. Akaendelea: "Mke wangu alikuwa na uwezo wa kulipitisha jambo hili pale Kiyovu. Alijua anaumwa. Alijua pengine hataona siku nyingine. Alilitaka, jamani, alilitaka mpaka usingizi ukamkimbia. Hakulipitisha. Ninyi msije mkamfanyia marehemu kitu alichokikataa akiwa hai. Nawashukuru. Lakini hapana."

Kura haikupigwa. Ndayisaba akarudisha pingamizi lake, neno kwa neno.

Siku ya gukura ikiriyo, siku ya kumaliza matanga, Ndayisaba alikuja Gahanga kwa basi. Mama Speciose alimwona mtu asiyemjua amesimama langoni, akauliza huyu ni nani. Wakamwambia: ni yule aliyempinga Christella. Mama akamtazama toka juu mpaka chini. Kisha akasema: "Aingie akule. Mutoto wangu alimupenda mutu wa kubishana naye." Mugenzi naye alikuwepo. Alinong'ona na Ndayisaba muda mrefu karibu na ukuta, na nilipowapita nilisikia wakizungumzia zahanati za ziwani.

Mambo yamefika wapi? Niwaambie ukweli: hayajaisha. Mugenzi ameahidi vijana wake wa Gikondo wawasaidie wale wawili wa Kigoma kuandika upya maelezo yao, moja baada ya jingine. Kuna rasimu mpya, inayotoa muda mrefu kwa zahanati ndogo kabla ya lile "lazima" kuanza. Ndayisaba ameisoma, akasema sasa anaweza kuikubali. Tukadhani yamekwisha. Alhamisi iliyopita mwanamke mmoja wa Accra akainua mkono, akapinga, akatoa sababu. Sababu nzuri, wananiambia. Sasa wanatafuta jibu lake. Na kila siku wanayotafuta, mahali fulani nafasi tupu inaingia kwenye skrini ya muuguzi. Hilo linanikosesha raha, na sitaki kuwadanganya kwamba halinikoseshi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa redio hii, tunampa pole Jean-Berchmans. Tunampa pole Mama Speciose, aliyemzika mtoto aliyeambiwa hatamlea mpaka ukubwani, na akamlea. Pole kwa wenzake wa Gikondo, na kwa Ndayisaba kule Kigoma. Mwihangane, vumilieni. Mungu ampokee Christella.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mna vikao. Vikao vya ushirika, vya parokia, vya harusi, vya wazazi shuleni. Kwenye kikao chenu cha mwisho kulikuwa na mtu mmoja aliyesema hapana, na wengi wakamzidi kwa sauti. Mnamjua. Pengine anawasikiliza sasa hivi. Leo kabla hamjalala, mpigieni simu mumuulize sababu yake, na mkishamuuliza, mwacheni amalize.